Namna ya Kumkuna Nguruwe Wako

Nguruwe akijisugua kwenye goti lako, usikimbilie kusema anakupenda. Huenda anawashwa, na goti limekuwa karibu kuliko ukuta. Mkune kidogo, ni haki yake, kisha fuata sikio.

Mwekee viazi vitamu. Akiwa anatafuna, kunjua sikio taratibu kuelekea mwangani. Ukikuta magaga makavu ya rangi ya udongo, yanayobanduka kama ukoko wa sufuria, shuku upele. Utitiri wanachimba vijia ndani ya ngozi na kutaga humo, na sikioni ndipo wanapojazana.

Usimpake oili chafu ya gari. Mimi nilimpaka nguruwe wangu, Sikujua, kwa kushauriwa na jirani, na ngozi ya ubavuni ikababuka. Kesho yake aliponiona alirudi nyuma mpaka pembeni mwa banda. Iliniuma sana.

Dawa ni sindano ya ivamektini, chini ya ngozi nyuma ya sikio, na mara ya kwanza achome mtaalamu wa mifugo. Ile ya asilimia 1, mililita 1 ni ya kilo 33. Huna mizani? Azima futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha mgongo, kuanzia kati ya masikio hadi shina la mkia. Kwa vipimo vya mita, zidisha mzunguko kwa mzunguko, kwa urefu wa mgongo, kwa 69.3; jibu ni kilo. Sikujua alikuwa mita 1 kifuani na mita 0.95 mgongoni: kilo 66, mililita 2.

Siku ya 14 rudia, hata kama kaacha kujikuna. Hapa ndipo wengi wanakosea. Dawa inaua utitiri, mayai inayaacha. Sindano ya pili ni ya walioanguliwa. Wachome wote wa banda moja siku moja, na matandiko ubadilishe.

Si kila shida ya ngozi ni upele. Nguruwe mweupe anaungua jua: mpe kivuli na matope. Mabaka mekundu ya pembe nne pamoja na homa, mwite daktari siku hiyohiyo. Masikio na tumbo vikigeuka zambarau naye hali, funga banda, asitoke nguruwe wala nyama, toa taarifa; huenda ni homa ya nguruwe ya Afrika, na hiyo haina tiba.

Wiki ya nne masikio ya Sikujua yalikuwa laini. Jioni bado anakuja kujisugua gotini. Nachungulia sikio kwanza, halafu namkuna tumbo mpaka ajibwage chini.