Sifa za Ubishi wa Makocha

Wapo wanaume wasioweza kuwapanga watoto wao watatu kwenye foleni ya kunawa mikono, lakini wanajua kwa hakika Carlo Ancelotti alikosea wapi usiku ule wa Istanbul mwaka 2005, Milan ilipokwenda mapumziko ikiongoza kwa mabao matatu kisha ikatolewa roho na Liverpool kwa penalti. Kipaji hiki hakijatungiwa shairi, hakina sikukuu yake kwenye kalenda, na wake zetu hukiita kwa majina yasiyochapika. Mimi nimeamua kukisifu. Ubishi wa nani kocha bora wa nyakati zote ndiyo shughuli pekee ya umma inayoendeshwa kila siku bila bajeti, bila mgeni rasmi na bila posho ya kikao.

Tazama kwanza unafuu wake. Kocha mwenyewe, ili akae kwenye benchi la ligi kubwa ya Ulaya, hudaiwa leseni yenye mitihani na gharama. Mbishi hadaiwi kitu ila kikombe cha kahawa, na desturi ni kwamba aliyeshindwa ndiye analipa, yaani hakuna anayelipa, kwa kuwa hajawahi kushindwa mtu. Arrigo Sacchi hakuwahi kucheza soka la kulipwa. Alikuwa muuza viatu kabla ya kuipeleka Milan kutwaa Kombe la Ulaya mara mbili mfululizo, 1989 na 1990. Waliomcheka aliwajibu kwamba mpanda farasi mzuri si lazima awe aliwahi kuwa farasi. Sisi tumeliendeleza jibu lake: si lazima hata awe amemwona farasi.

Na kweli hatukumwona. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi miaka ya 1990, na Bob Paisley aliachia ngazi Liverpool mwaka 1983, akiwa na Makombe ya Ulaya matatu ndani ya miaka tisa. Wazee wanaomtetea walimpata kupitia redio, tena usiku, mawimbi yakija na kuondoka. Lakini waulize. Watakueleza Paisley alivyovaa kofia, alivyomtazama Alan Kennedy kabla hajaifunga Real Madrid pale Paris mwaka 1981, na alichomnong'oneza mtu wa pembeni yake. Kijana akitoa simu yake kuonesha kwamba picha zinasema vingine, huambiwa, "Mwanangu, hizo zimechakachuliwa. Wakati huo ulikuwa wapi?" Hoja hiyo haina jibu. Kutozaliwa ni kosa zito sana kijiweni.

Fahari kuu ya ubishi huu, hata hivyo, ni mizani yake. Mizani ya sokoni hukaguliwa na serikali ili isibadilike. Hii yetu ingekaa bila kubadilika, mazungumzo yangekwisha saa mbili usiku na watu wangelazimika kurudi nyumbani. Mtu anaanza kwa kusema tuhesabu makombe. Sawa: Ancelotti ana Ligi ya Mabingwa tano, na ametwaa ubingwa wa ligi Italia, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Hispania. Kesi imefungwa? Hata kidogo. Sauti inatoka nyuma: "Nipe Real Madrid na mimi nikuletee." Mwenye sauti hiyo ni kocha wa timu ya mtaani iliyotolewa kwenye ndondo raundi ya kwanza, lakini neno lake linapokelewa, na papo hapo makombe yanaacha kuwa kipimo. Kipimo sasa ni umefanya nini na kikosi cha kuungaunga.

Hapo anaingia Brian Clough na Nottingham Forest yake, iliyopanda daraja 1977, ikawa bingwa wa Uingereza 1978, na bingwa wa Ulaya 1979 na 1980. Klabu hiyo mpaka leo ina Makombe ya Ulaya mawili na ubingwa wa ligi mmoja, hesabu ambayo hata ukiirudia mara tatu bado inaonekana ina kosa. Kijiwe kinanyamaza. Kisha mtu wa Leeds (kila kijiwe kina mmoja, sijui hutokea wapi) anakumbusha kwamba Clough huyo huyo alidumu Leeds siku 44 tu. Mizani inageuzwa tena: sasa tunapima ustahimilivu. Arsène Wenger alimaliza ligi ya 2003/04 bila kufungwa, ushindi 26 na sare 12. Mpinzani wake hazitazami zile 26, anazishika hizo 12 na kuzidai moja moja. Pep Guardiola naye huhukumiwa bila kufika mahakamani: apelekwe Uwanja wa Sokoine, Mbeya, mwezi wa nne, mvua inanyesha, mishahara ya miezi miwili haijaingia, tuone hizo pasi fupi fupi zitapita wapi.

Wafuasi wa José Mourinho ni madhehebu ya peke yao. Kwao usiku mtukufu ni ule wa Aprili 2010, Inter ilipobaki na watu kumi Camp Nou, ikafungwa 1-0, na bado ikaenda fainali kwa jumla ya mabao 3-2. Kupaki basi, wanasema, ni elimu ya juu. Kocha wa hapa nyumbani akiongeza kiungo mkabaji mmoja tu ugenini, hao hao ndio wa kwanza kupiga simu redioni kuuliza kama tumemleta kutufundisha uoga.

Na hapa nafika kwenye tunda tamu kuliko yote, nalo ni subira. Hakuna hadithi inayosimuliwa kwa heshima kama ya Alex Ferguson. Aliingia Manchester United Novemba 1986. Kombe la kwanza, la FA, likaja 1990. Ubingwa wa ligi ukangoja hadi 1993. Msimuliaji hapa hushusha sauti na kutikisa kichwa, akawalaani watu wa siku hizi wasiojua kungoja, kisha akahesabu mataji 13 ya ligi yaliyozaliwa na kungoja huko. Ukimsikiliza utadhani yeye mwenyewe alikuwa kwenye bodi.

Sasa mlete Dar es Salaam. Februari 2021, kwa Mkapa, Simba iliifunga Al Ahly 1-0, bao la Luis Miquissone. Kwenye benchi la Al Ahly alikaa Pitso Mosimane, bingwa wa Afrika aliyekuwa na kombe la miezi mitatu tu tangu alitwae. Kwa hesabu za kijiweni jambo lilikuwa wazi: anayemfunga bingwa ni bingwa zaidi, kwa hiyo Didier Gomes wa Simba alilala usiku ule akiwa kocha bora barani, na walikuwepo waliokuwa tayari kumpa uraia. Julai, Mosimane akalitwaa kombe lile tena, jambo lililochukuliwa kama ushahidi wa ziada kwa Gomes. Oktoba, Simba ikaenda Botswana ikaichapa Jwaneng Galaxy 2-0, ikarudi nyumbani ikafungwa 3-1, ikatupwa nje kwa sheria ya bao la ugenini. Siku mbili tu baadaye, Gomes akawa kocha wa zamani. Watu wa Jangwani, kwa wema wao, bado wanatukumbushia jina la Jwaneng bila kuombwa, ingawa nao wamewasindikiza makocha wa kutosha uwanja wa ndege. Na aliyepaza sauti kuliko wote kwamba mtu huyo afungashe virago? Yule yule bwana wa subira ya Ferguson. Asiseme mtu kwamba huu ni unafiki. Ni mgawanyo wa rasilimali: subira yetu yote imekwishatumika Manchester, haikubaki hata ya kumpa mtu Msimbazi.

Ubishi huu pia ni salama. Ukizungumzia mambo mengine fulani kijiweni watu hutazama nyuma kabla ya kuitikia. Hakuna mjumbe wa nyumba kumi aliyewahi kuandika jina la mtu kwa sababu ya Mourinho.

Nikilazimishwa kutafuta doa, ni kwamba makocha wa Afrika hutajwa kahawa ikiwa imebaki mashapo. Emerse Faé aliikuta Ivory Coast Januari 2024 imechapwa 4-0 nyumbani na Guinea ya Ikweta, kocha ametimuliwa mashindano yakiendelea, shirikisho limejaribu kumwazima Hervé Renard kutoka timu ya wanawake ya Ufaransa likakataliwa. Akaongoza mechi nne, akabeba kombe. Mechi nne! Kijiwe kilimjadili kwa dakika zisizozidi hizo.

Kwa hiyo mimi, baada ya kuwasikiliza wote, wangu ni Charles Gyamfi wa Ghana: Kombe la Afrika 1963, 1965, na 1982, miaka 19 kati ya la kwanza na la mwisho. Najua tayari kuna mtu amenyanyua kidole kusema kwamba 1963 zilishiriki timu sita tu. Ni kweli, na 1965 ni sita vilevile. Haya, Hassan Shehata na Misri yake walichukua 2006, 2008 na 2010, matatu mfululizo, timu zilizofuzu zikiwa 16 kila mara. Mbona naye humtaji?