Kopo la Bibi Laoshwa

Shemeji yangu ni fundi simu Kariakoo, na kila akija Misugusugu huja na habari ya kututajirisha. Safari hii utajiri ulikuwa stoo kwetu, ndani ya kopo la maziwa ya unga ambalo mama mkwe, tunayemwita Bibi, alihama nalo kutoka Kisarawe, nasi tukalifanya kizuizi cha mlango usibamizwe na upepo. Limejaa sarafu za mkoloni: shilingi za simba, sumni, na zile za shaba zenye tundu katikati. Mama yake Bibi alizipata kwa kuuza korosho, akazitunza kwenye pindo la kanga.

Shemeji alilimwaga kopo mkekani, akapekua, mara akaruka. Kiganjani alikuwa na senti kumi ya mwaka 1936.

"Shemeji, soma hapa. Edward wa Nane!"

Ikabidi tusikilize. Edward huyo alirithi ufalme wa Uingereza Januari 1936, akauacha Desemba mwaka huohuo ili amwoe Wallis Simpson, Mmarekani aliyekwisha kuachika mara mbili. Kwao Uingereza hakuna sarafu yenye sura yake iliyowahi kuingia mitaani, maana aliondoka kabla hazijatolewa. Lakini sarafu za Afrika Mashariki zenye tundu hazikuwa na sura ya mfalme yeyote. Upande mmoja taji na jina, upande wa pili pembe za ndovu kuzunguka tundu. Jina tu lilitosha, zikapigwa, zikaletwa. Mfalme ambaye Mwingereza hakumpata kwenye chenji yake, mwanamke wa Kisarawe alimnunulia chumvi.

Kisa ni kitamu, sikatai. Ila sarafu zenyewe zilipigwa kwa mamilioni. Kwenye simu shemeji alikuwa amemwona mtu anayetaka maelfu ya dola kwa moja, na yule mtu ana haki ya kutaka, kama mimi ninavyotaka nyumba ya ghorofa. Zinazouzwa kweli, zikiwa zimechakaa kama yetu, huenda kwa dola moja au chache zaidi.

"Ndiyo maana tunaipeleka kupimwa," akasema.

Marekani kuna kampuni za kazi hiyo. PCGS ilianza 1986, NGC ikafuata 1987. Wanakagua sarafu, wanaipa alama kati ya 1 na 70, kwa mizani aliyoibuni William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti za zamani za Marekani, halafu wanaifungia ndani ya kasha gumu la plastiki. Shemeji hakuwa na wasiwasi: yetu itapata 65, nasi tutaezeka upya.

Baba watoto, ambaye hadi hapo alikuwa kimya, akauliza ada ni kiasi gani. Shemeji akajibu kwa sauti ya chini kidogo: dola 20 na zaidi kwa sarafu moja. Hiyo ni kama shilingi 50,000, kabla ya posta ya kwenda, posta ya kurudi na bima. Tukaandika nyuma ya daftari la hesabu la mtoto. Jumla ilipotimia, baba watoto akaisoma mara mbili, akaondoka kwenda kuangalia mbuzi.

Mimi nasema hivi. Kama kopo lingetoa ile rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, waliyoipiga Wajerumani Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli walipokatiwa njia ya bahari, ningelipa ada bila kuulizwa mara ya pili. Za kughushi zipo, na mnunuzi wa mali kama ile hatoi hela bila ushahidi. Hata senti kumi ya Edward ingestahili kufikiriwa kama ingekuwa bado nyekundu ya kiwandani. Lakini iliyokaa pindoni, sokoni na koponi? Hapo unanunua plastiki ya bei kubwa, na sarafu unaipata kama nyongeza.

Wakati sisi tukijumlisha, Bibi alikuwa uani. Alisikia mzigo unakwenda Marekani, akaona si adabu kumpelekea mgeni vitu vichafu. Akachukua majivu, ndimu na steliwaya ya masufuria. Shemeji alipotoka nje alikuta sarafu zimeanikwa kwenye ungo, zinametameta.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimewasitiri."

Akamweleza kwamba sarafu iliyosuguliwa wale hawaipi alama hata ya kawaida. Wanaandika tu kwamba imesafishwa, na wanunuzi wanaikimbia. Bibi alimtazama kwa muda.

"Kwa hiyo Wazungu wanautaka uchafu wangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Ungesema mapema, mwanangu. Ninao mwingi."

Nilimfariji shemeji kwa hesabu ya fedha. Shilingi za simba za 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha halisi, ukipata 16 zimekupa kama wakia moja, na sonara hajali zimeoshwa na nini. Tukazihesabu kwenye ungo. Hazikufika 16.

Ila Edward hakuwemo. Shemeji akafufuka: kumbe amenusurika na ndimu! Tukapekua mkeka, stoo, mpaka mifuko ya Bibi. Hatimaye akaonekana barabarani, kwenye lori la tela la mabati la kitinda mimba wetu, kati ya bodi na tairi la kandambili, waya umepita tunduni.

"Ni washa," kijana akaeleza. "Bila hiyo tairi linayumba."

Shemeji akatoa shilingi elfu moja. Kijana akatikisa kichwa, anataka beringi.

"Shikilia hapohapo, mume wangu," Bibi akamwambia mjukuu wake. "Huyu ana haraka."

Shemeji akapanda daladala hadi Maili Moja, akazunguka magereji, akarudi na beringi mbili zilizotumika. Kijana akazipokea, akazizungusha sikioni, akasema lori la tela haliendi kwa mbili.