Naomba Idhini ya Kulifungua Kufuli Lenu

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Kwa heshima na taadhima, naomba uniwie radhi kwa kukusemesha hadharani. Barua zangu tatu hazikujibiwa, na naamini ni kwa wingi wa kazi zenu.

Mimi ni fundi wa tarizi hapa Mombasa. Mwaka 2013 nilinunua programu ya kuchorea nakshi kwa kampuni ambayo baadaye ninyi mliichukua. Risiti ninayo. Mwaka jana diski ya kompyuta yangu ilikufa. Nilipoiweka programu upya, ilitaka kwanza iombe ruhusa kwenye seva yenu, na seva hiyo mmeshaizima.

Niruhusu, Mheshimiwa, nikueleze kilichofungiwa humo. Mashine ya kutarizi haijui ua wala jani. Inachosoma ni sindano iende wapi na ishuke wapi. Nikiikuza nakshi ya shingo ya joho kwenye faili la mashine, mishono huachana, kitambaa kikachungulia katikati ya kasabu. Ili ikue vizuri sharti nirudi kwenye mchoro wa asili, programu ihesabu mishono upya. Na michoro yangu ya asili haifunguki kwa programu nyingine yoyote. Mingine marehemu mama aliichora kwa penseli, nami nikaifuatisha kwa kipanya, jani kwa jani, usiku baada ya kufunga duka.

Mwanangu amepaona pale programu inapoomba ruhusa, na anasema kupaondoa ni kazi ya jioni moja. Nimemzuia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamruhusu mwenye nakala halali kurekebisha hitilafu, lakini sheria hiyo hiyo inakataza kuvunja kufuli la kidijitali, nami sitaki kuingia kwa dirisha kwenye nyumba niliyoilipia. Kwenu Ulaya, mwaka 2021, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi ya Top System dhidi ya Ubelgiji kwamba mnunuzi halali aweza, kwa masharti, kuifumua programu ili asahihishe makosa. Marekani nako, tangu 2015, wachezaji wameruhusiwa kuondoa kufuli la baadhi ya michezo ambayo wenyewe wameizimia seva. Ikiwa mchezo umehurumiwa, nakusihi uihurumie na kazi.

Siombi msimbo wenu. Sitauza nakala wala kumgawia jirani. Naomba karatasi moja yenye sahihi yako, isemayo kwamba naweza kuliondoa kufuli kwenye nakala yangu, kwa matumizi yangu.

Nathubutu kuomba jibu la mapema kwa sababu nina joho la bwana harusi mezani. Anataka nakshi ile ile aliyoivaa babake, na kifua chake ni kipana kuliko cha babake.

Kwa unyenyekevu mkubwa,
Wako mtiifu,
Fundi wa tarizi, Mombasa