Mtumishi Hodari wa Kerege

Wapo watakaosema mtumishi hodari kuliko wote hapa Kerege ni mwalimu wa zamu, au muuguzi anayechanja watoto pale zahanati. Nawaheshimu wote wawili. Kura yangu, hata hivyo, naipa arifa ya kompyuta iliyoko mezani kwangu, ile inayochomoza kwenye kona ya chini na kulia "ting". Haidai posho, haiombi ruhusa, haiendi msibani.

Sauti yake nitaisifu kwa haraka. Msidhani milio hii imeokotwa njiani. Microsoft walipotaka sauti ya kufungulia Windows 95 walimwendea Brian Eno, mwanamuziki mkubwa wa Uingereza, naye baadaye alisimulia kwamba alitunga vipande 84 ili kimoja kichaguliwe. Basi hata huu wa kwangu, unaolia wakati muadhini wa alfajiri ndiyo kwanza anakohoa kwenye kipaza sauti, lazima kuna mtu aliutolea jasho. Na umeme ukikatika, msaidizi wake aliye chini ya meza, UPS, hupiga "pii, pii" kunijulisha kwamba nipo gizani.

Unyenyekevu nao umo. Bonyeza kitufe cha Shift mara tano mfululizo, mashine itaacha shughuli zote ikuulize kama ungependa kuwasha Sticky Keys. Hapa niweke utani pembeni: huduma hiyo ni kwa ajili ya wasioweza kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na watafiti wa kituo cha Trace, Chuo Kikuu cha Wisconsin, ndio waliohangaika nayo; kwa mwenye mkono mmoja ni ukombozi. Mimi mikono ninayo miwili, na swali hilo nimeshalijibu kila mpwa wangu anapocheza gemu.

Lakini sifa iliyo mama wa sifa zote ni kutoa taarifa, na hapa naomba nikae kitako. Nikichomeka flashi, mashine hulia kunijulisha kwamba nimechomeka flashi. Nikichomoa, hulia tena, safari hii kwa sauti ya kuteremka, kama vile kuna aliyefariki. Mwezi Februari hunidokeza kwamba Kerege leo kutakuwa na joto. Huniletea kamati ya harusi: "Ndugu mjumbe, tunakukumbusha ahadi yako." Hunijulisha kwamba betri imejaa, kwamba betri inapungua, kwamba kuna sasisho, kwamba sasisho limeshapakuliwa na linasubiri hisani yangu. Kisha hunipa uhuru wa kuchagua: "Washa upya sasa" au "Nikumbushe baadaye". "Hapana" haimo. Aliyebuni vitufe vile aliona mbali. Alijua mtu mzima aliyelipia mashine kwa fedha zake hawezi kuwa na nia mbaya ya kutaka kuachwa.

Na haina kinyongo. Naingia kwenye setingi, natafuta mfumo, natafuta arifa, naburuta swichi mpaka inapauka. Wiki inapita kwa amani. Linakuja sasisho, mashine inajizima na kujiwasha, na swichi zimerudi kung'aa. Ni mtumishi aliyefukuzwa kazi, akarejea Jumatatu saa moja na nusu amefunga tai.

Hata ninapoandika barua hunisimamia. Kiswahili mashine imeshatambulishwa zamani: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, na mwaka uliofuata Microsoft nao wakaleta Windows ya Kiswahili. Hata hivyo nikiandika "Husika na kichwa cha habari hapo juu", mstari mwekundu unatambaa chini ya sentensi nzima. Nikaorodhesha viambatisho: (a) nakala ya mkataba wa mauziano, (b) barua ya mwenyekiti wa kitongoji, na cha tatu, risiti ya malipo ya upimaji, kikajigeuza ©. Hivyo risiti yangu ikawa na hakimiliki.

Barua hiyo niliipeleka kwenye ofisi moja ya umma nisiyoitaja. Dada wa mapokezi aliiweka chini ya taa, akaniuliza hii duara ni nini. Nikamweleza. Akasema niirudie, iandikwe vizuri.

Nikairudia. Inahusu kiwanja, maana huku kwetu barabara ya Bagamoyo imeleta watu, watu wameleta vigingi, na kila mwenye kigingi ana faili lake mahali fulani. Sheria za Ardhi za mwaka 1999, Namba 4 na Namba 5, nimezipekua zote mbili. Humo sikusikia "ting" hata moja. Nauli nalipa, foleni napanga, naambiwa mwenye faili yuko semina. Narudi, naambiwa saini bado. Narudi, mtandao uko chini. Jamani, namba yangu ya simu imeandikwa juu ya jalada kwa kalamu nene! Mashine yangu hunijulisha nilichokishika mkononi. Watu wazima wanaolipwa kwa kodi yangu, wenye simu mbilimbili mezani, wanashindwa kuniambia jambo moja tu ninalolihitaji, wakaniacha nilifuate mwenyewe kwa daladala.

Mara ya mwisho nilipokuwa dirishani, kompyuta ya ofisi ililia "ting". Yule dada akabofya alama ya kufunga bila hata kuitazama, mkono wake mwingine ukiwa kwenye chai.

"Binti yangu," nikamwambia, "faili likikamilika si mtanijulisha?"

"Hapana, mzee wangu," akasema kwa upole kabisa. "Wewe uwe unapitapita tu."