Barua ya wazi kwa wakuu wa Maktaba ya Taifa ya Tiba, Bethesda, Marekani

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu za watafiti wa kimaelezo, wale wanaokaa na wagonjwa, wakawasikiliza, kisha wakaandika walichoambiwa. Hawajambo. Wamo humo humo kwenye MEDLINE, hifadhidata yenu ya makala za tiba, ila hawaonekani.

Majaribio ya dawa ya kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu yalipewa lebo yake ya aina ya chapisho katika MEDLINE mwaka 1991. Utafiti wa kimaelezo ulisubiri hadi 2003 ndipo ukapata kichwa cha mada katika orodha yenu ya MeSH. CINAHL, hifadhidata ya wauguzi, ilikuwa nacho tangu 1988. Pengine wauguzi wamezoea kumsikiliza mgonjwa.

Mchukueni mwanafunzi wa uzamili pale Muhimbili, chuo kikuu cha afya jijini Dar es Salaam, anayetaka kujua kwa nini baadhi ya wajawazito hujifungulia nyumbani ilhali zahanati iko jirani. Anafungua PubMed, tovuti yenu ya kutafutia makala, anaweka tiki kwenye aina ya chapisho iitwayo mahojiano. Si ndiyo mbinu anayoitafuta? Wanamjia maprofesa wanaohojiwa kuhusu maisha yao na kazi zao! Mahojiano kama mbinu ya utafiti yako chini ya kichwa kingine kabisa. Hata picha ya mtu, ile ya kutundikwa ukutani, ina aina yake ya chapisho, ilhali utafiti wa kimaelezo una kichwa cha mada tu.

Basi anaandika “qualitative”, neno la Kiingereza linalotaja utafiti wa kimaelezo. Zinamiminika makala za maabara, maana hata kipimo cha mkojo kinachojibu ndiyo au hapana huitwa kwa neno hilo hilo. Wajawazito bado hawajaonekana.

Tangu 2022 kazi ya kubandika vichwa vya mada mmeikabidhi kompyuta, inayotegemea jina la makala na ikisiri. Hapo, kusema kweli, watafiti nao hawana pa kujificha. Wanapenda kuipa makala jina lililonyofolewa kinywani mwa msailiwa, mathalani “Nilimwachia Mungu”, halafu ikisiri haisemi kama walifanya usaili, majadiliano ya vikundi au walipiga soga tu barazani. Mashine itajuaje kama hayo ni mahubiri au ni uzazi?

Ombi ni moja: palipo na sauti za watu, makala isomwe nzima, na asomaye awe mkutubi.

Nakala kwa: wahariri wa majarida wanaopitisha majina hayo.