Muulize Shangazi Atomu

*Shangazi, shikamoo. Nilipanda ngazi kubadilisha balbu, nikaanguka, sasa mguu umefungwa plasta. Nikiwa nimelala chali, mjusi kafiri anapita darini miguu juu, tena ananikodolea macho. Yeye mvutano wa dunia haumhusu?*
— Mgonjwa wa Kitandani

Marahaba, mwanangu, pole. Unamhusu sana, ila ana wadhamini. Vidole vyake vimejaa vinyweleo vyenye ncha ndogo zisizoonekana kwa macho, nazo hulisogelea dari hadi molekuli zake na za dari zikavutana. Nguvu hizo zina jina la Mholanzi, van der Waals, na mwaka 2002 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa ndizo zinazomshikilia mjusi.

Ni nguvu zenye wivu, hazitaki umbali. Mvutano wa Newton, ukizidisha umbali mara mbili, hubaki robo. Hizi, kati ya molekuli mbili, hubaki sehemu moja ya 128! Kiganja chako unachokiona laini ni milima na mabonde. Kingegusa dari hapa na pale tu. Halafu uzito: mkuze mjusi mara 10 kwa urefu, nyayo zitapanuka mara 100, uzito utapanda mara 1,000. Mwache apite.

*Shangazi, mimi ni elektroni wa hidrojeni. Shuleni wanasema namzunguka protoni kama dunia inavyolizunguka jua. Ni kweli?*
— Nimechoka Kusingiziwa

Wamekusingizia, binti yangu. Kinachowaunganisha ni umeme, na unaushinda mvutano wa uzito wenu kwa namba 2 yenye sufuri 39 nyuma yake. Kanuni ya Coulomb ya 1785 ni ileile hata huko kwenu. Kilichobadilika ni sheria ya mwendo: ungefuata ya Newton ungekuwa unatoa mwanga, unaishiwa nishati, na ungemwangukia mwenzio kabla hujaandika “shikamoo”. Kwa sheria ya kwanta, kadiri unavyobanwa ndivyo unavyozidi kuhangaika. Huna njia, una wingu.

*Kama umeme una ubabe huo, mbona nilivunjwa mguu na mvutano?*
— Mgonjwa, tena

Umeme una chanya na hasi, hufutana kama deni na malipo. Uzito hauna hasi. Dunia nzima imejilimbikiza chini ya ngazi yako. Isitoshe, sakafu iliyokuvunja ilikuzuia kwa elektroni zake.

Protoni wawili wa heliamu, mnaoandika kwamba hampatani lakini hamwezi kuachana: barua yenu imefika. Nitawajibu toleo lijalo.