Sifa za Shata Kaidi

Shata ni kile kipande cha kamera kinachoufungulia mwanga njia kwa muda uliopangwa, kisha kikaufungia. Katika kamera za zamani za filamu zipo za aina mbili. Moja hukaa ndani ya lenzi, nayo ni vibamba vyembamba vya chuma vinavyofunguka kutoka katikati. Compur ya Friedrich Deckel wa Munich, iliyotoka mwaka 1912 na baadaye kutiwa katika Rolleiflex, ni ya ukoo huo. Ya pili hukaa mbele ya filamu, nayo ni mapazia mawili ya kitambaa kilichopakwa mpira, yanayofukuzana kutoka upande mmoja hadi wa pili. Leica, iliyooneshwa Leipzig mwaka 1925, ilikuja na mapazia hayo. Mwaka huohuo Uingereza iliikabidhi Italia Jubaland, pamoja na Kismayo na visiwa vya Wabajuni, na hakuna mvuvi wa Koyama, Chovai wala Chula aliyeulizwa rai yake.

Tangu hapo pwani ile imetazamwa sana. Maofisa walikuja na lenzi, na wataalamu nao. Kitabu cha Vinigi Grottanelli kuhusu wavuvi hao kilichapwa Roma mwaka 1955, kwa Kiitaliano. Katika wageni wote wa namna hiyo, mwenye adabu ya kupiga hodi ni mmoja tu, naye ni shata mbovu. Humlazimisha mwenye kamera asimame, aitikise, ajikohoze, aombe radhi. Kwa muda huo wanaolengwa hupata nafasi ya kufunga leso vizuri, kuuliza picha inakwenda wapi, au kujiondokea zao.

Tabia yake ya kwanza ni uvivu. Ndani ya Compur kuna gia ndogondogo zinazovichelewesha vibamba kwenye kasi za chini. Mafuta ya miaka hamsini hugeuka gundi, sekunde moja ikawa tatu, na mlio wa gia hukatika katikati kama msomaji aliyesahau ubeti. Wenye haraka huuita ubovu. Wamesahau kwamba filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Juani, filamu ya ASA 100 hutaka 1/125 tundu la lenzi likiwa f/16; shata inayojikokota kwa 1/30 huingiza mwanga mara nne ya uliotakiwa, na bado picha hutoka. Ni ukarimu huo, wa kutoa zaidi ya ilichoombwa. Filamu ya slaidi haina msamaha wa aina hiyo, lakini kosa hapo ni la slaidi.

Ikizidi uvivu, huganda kabisa. Vibamba vya Compur hutakiwa viwe vikavu. Tone la mafuta likivifikia, na vumbi la kusi na chumvi vikifuata, hushikana visiachane. Shata iliyoganda ikiwa imefungwa ndiyo mtunza siri kamili: msafara mzima hupigwa picha, na filamu husafishwa ikiwa nyeupe pe.

Tundu la jua ni fahari ya Leica na jamaa zake wasio na kioo cha ndani. Kismayo iko kusini kidogo tu ya ikweta, na Machi na Septemba jua la adhuhuri hupita utosini. Kamera iliyolazwa chali ndani ya dau, lenzi wazi na imepangwa kutazama mbali, hulikusanya jua hilo kuwa nukta moja juu ya pazia, na kitambaa hutoboka kabla tanga halijapinduliwa. Tangu siku hiyo picha huweza kutoka na nyota ya mchana, mahali palepale kila mara, na hakuna sahihi ya msanii iliyo ngumu kughushi kuliko hiyo. Wasioitaka huziba kwa tone la rangi nyeusi ya mpira.

Springi zikichoka, pazia la pili hulifikia la kwanza kabla ya mwisho wa safari. Kwa 1/500 mwanya baina yao ni wa milimita chache tu, hivyo huzibika kwa urahisi na upande mmoja wa picha ukawa giza. Katika picha ya harusi, jamaa wa upande ule hawakuhudhuria. Kwa 1/60, mwanya ukiwa mpana, wote hurudi.

Uchunguzi hufanywa kamera ikiwa tupu. Mgongo hufunguliwa, kamera ikaelekezwa angani, na shata ikafyatuliwa kwa kila kasi, kuanzia B, inayobaki wazi kadiri kitufe kinavyobanwa. Sekunde moja hupimwa kwa saa ya mkononi. Mfyatuo wa kwanza wa siku ndio wenye ushahidi, kwa maana ikifyatuliwa mara kumi shata huchangamka ikajifanya nzima mbele ya mnunuzi.

Mafuta ya cherehani, au ya nazi, Mungu aepushe, huipa uzima wa siku chache na ugonjwa wa kudumu. Kinachofaa kwa vibamba ni matone machache ya petroli safi ya viberiti, mbali na moto, kufyatua tena na tena, na kufuta uchafu mweusi unaotoka. Wenzo usiosogea haulazimishwi. Compur za zamani hutaka 1/500 ipangwe kabla ya kutegwa. Zorki-4 ya Kisovieti hutaka kasi ipangwe baada ya kutegwa. Mwenye zote mbili ana hakika ya kuvunja moja. Kamera iliyotumbukia baharini huoshwa mara moja kwa maji matamu, na visiwani, ambako maji hayo ni ya kuhesabiwa, hapo ndipo shata hujua cheo chake nyumbani.

Ikipona, huwekwa bila kutegwa ili springi zipumzike, ndani ya mkebe unaofunga vizuri, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Kila wiki hutolewa na kufyatuliwa kwa kasi zote, filamu ikiwa haimo.